Mwavuli wa Kijani

Viti. Eti alipanga viti.

Katika ukurasa wa shukrani wa tasnifu ile walikuwemo Mungu, mama mzazi, msimamizi, mchumba mpendwa, hata fundi aliyefufua kompyuta. Yeye aliwekwa mwisho kabisa, chini ya fundi: "Nisimsahau dada aliyenisaidia kupanga viti siku ya jaribio."

Dada! Mtu aliyeshikwa mashavu kwa mikono miwili akaambiwa kwamba bila yeye pumzi haipandi, leo amekuwa dada wa viti.

Aliyeandika hayo watu walimwita Msomi tangu shule ya msingi, na jina lilimkaa vizuri kama miwani yake. Na huyo dada aliyeyasoma, Msomi mwenyewe ndiye aliyempa jina la Mpelelezi, enzi zile wakipendana, kwa sababu kila swali lake lilikuwa na swali jingine nyuma yake. Mpelelezi alikuwa mshauri wa wafungwa gerezani. Siku hiyo aliingia maktaba ya chuo kuazima kitabu, akaikuta tasnifu mezani, imewekwa hapo ili watu waisome kabla ya siku ya utetezi. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye shukrani akakaa. Alipofika sura ya nne akasimama tena.

Sura ya nne ilikuwa jaribio lake. Si kama lake. Lake.

Miaka miwili nyuma, Mpelelezi alikuwa anajiandaa kuomba nafasi ya uzamivu katika saikolojia ya jinai. Wazo lilimjia gerezani, akimsikiliza mzee mmoja aliyefungwa kwa ushahidi wa watu waungwana, wasio na sababu ya kumsingizia. Akajiuliza: je, askari anaweza kumpandikizia shahidi mwaminifu kitu ambacho hakukiona, kwa namna tu ya kuuliza? Akaandaa igizo dogo. Wanafunzi wamekaa ukumbini, mwizi anaingia, anampokonya mtu mkoba, anatokomea. Baadaye kila shahidi anapewa karatasi ya maswali, kisha anaeleza kwenye kinasa sauti alichokiona. Katika baadhi ya karatasi alitega mtego: "Mwizi aliuacha wapi ule mwavuli wa kijani?"

Mwavuli hakuna. Haukuwepo kabisa. Alitaka kuona ni wangapi watauapia.

Na mtego huo hakumwambia mtu. Ndivyo kazi ile inavyofanyika. Anayeigiza haambiwi mtego, asije akauigiza bila kujua. Hata Msomi, aliyeahidi kuigiza mwizi, hakuambiwa. Na yeye hakuuliza. Alikuwa na tabia ya kutouliza mambo ya watu wengine.

Wakati wanaachana, Msomi aliondoka na vitu vyake, akasahau koti tu, na akachukua pia rekodi za mashahidi zilizokuwa kwenye kompyuta waliyokuwa wakiitumia pamoja. Mpelelezi wakati huo alikuwa analia mpaka anasahau kula, na fomu za uzamivu zikapita tarehe. Sasa rekodi hizo zilikuwa hapa, zimevalishwa suti. Na mwavuli ulikuwemo! Msomi alisikia mashahidi wanautaja, akaamini ulikuwepo. Akahitimisha kwamba walioutaja wana kumbukumbu nzuri, na wasioutaja ni mashahidi dhaifu ambao mahakama isiwategemee.

Mpelelezi alifunga tasnifu ile taratibu. Akairudisha mezani, akainyoosha ikae sawa na ukingo wa meza. Kisha akatabasamu, na lile tabasamu mkutubi hakulipenda.

*

"Nenda ofisini kwa Profesa, mwambie yaishe," mama yake alisema. Alikuwa fundi cherehani, na aliongea pini zikiwa mdomoni bila kumeza hata moja.

"Nikimshtaki ofisini, atajibu ofisini. Watafunga mlango, watanywa chai, nitaambiwa ni kutoelewana. Nataka ajibu mbele za watu."

"Mbele ya mama yake."

"Hasa mbele ya mama yake."

Mama alitoa pini zote mdomoni, jambo alilolifanya kwa mazungumzo mazito tu. "Nikuulize, na usinidanganye, nimekuzaa. Unakwenda kutafuta haki, au unakwenda kumtafuta yeye?"

Nyuma ya mlango wa chumba lilining'inia lile koti la Msomi, la kahawia, lenye kiraka kwenye kiwiko. Mama aliliangalia koti, Mpelelezi akaangalia sakafu.

"Vyote viwili, mama."

"Afadhali umesema kweli. Haya, geuka nikubane kiuno kidogo. Kama unakwenda kuua, basi uende umependeza."

*

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele alikaa mama yake Msomi, kilemba kimesimama kama mnara. Pembeni yake alikaa mchumba mpya, mfamasia, binti mpole mwenye mikono misafi. Mpelelezi alipita makusudi mbele yao, mfuko wa kitambaa begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alimtazama kuanzia viatuni. "Na wewe umekuja? Nilidhani uko jela na wenzako."

"Leo sina zamu."

"Naona umepungua."

"Ni gauni, mama. Limebanwa."

Mwanamke huyu ndiye aliyesema, siku ile ya maneno, kwamba mwanawe hawezi kulala chumba kimoja na mtu anayejua jinsi watu wanavyochinjana. Tena akauliza, mke akiitwa daktari kabla ya mume, ndani ya nyumba nani atamwambia mwenzake nyamaza? Msomi alikuwepo. Alikuwa anafuta miwani. Aliifuta muda mrefu sana, na alipoivaa, uchumba ulikuwa umekwisha.

Sasa alikuwa mbele, anapanga karatasi zake. Aliinua macho akamwona. Kwa kitambo kidogo uso wake ukasahau uko wapi. Ukawa ule uso wa zamani, wa kusubiri mlangoni na mvua begani.  Miaka miwili, na bado jitu hili likimtazama Mpelelezi anataka kumfungulia mlango! Akajikasirikia. Akakaa.

Msomi aliongea vizuri. Hilo hakuna wa kumnyima. Sauti yake ilikuwa nzito, haina haraka, sauti ambayo zamani ilimwambia "Mpelelezi wangu, hebu niulize tena" akiwa amelaza kichwa mapajani pake. Jopo lilitikisa vichwa. Mtahini wa nje aliandika kitu akakipigia mstari. Mama yake Msomi alimwegemea mfamasia akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Daktari huyo. Nimemzaa mwenyewe."

Profesa, mwenyekiti wa jopo, mwanamke mfupi aliyevaa miwani mbili, moja usoni na moja kichwani, aliugeukia ukumbi. "Kuna swali kutoka kwa wasikilizaji?"

Mkono wa Mpelelezi ulikuwa juu kabla sentensi haijaisha.

"Nampongeza mtafiti," alisema, akisimama. "Nina maswali madogo tu, ya mtu wa viti."

Msomi aliguswa, lakini akatabasamu. "Karibu."

"Siku ya jaribio, nani aliigiza mwizi?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Angesema mtu mwingine, angesema hakumbuki. Lakini koti walilolitaja mashahidi lilikuwa lake. Nafasi ilikuwa yake. Alikuwa amejisimulia mara nyingi kiasi kwamba sasa alijiona humo.

"Mimi mwenyewe," alijibu.

"Ulitokea mlango gani?"

"Wa nyuma."

"Na ule mwavuli wa kijani uliushika mkono upi?"

"Wa kushoto." Aliinua mkono wa kushoto, vidole vikakamata hewa, na kwa jinsi alivyovikaza watu karibu wauone mwavuli wenyewe. "Wa kulia nilihitaji kwa ajili ya mkoba."

Kicheko kidogo kikapita. Mpelelezi naye akacheka kidogo, kwa adabu.

"Swali la mwisho. Mashahidi ambao hawakuuona mwavuli, ungekuwa hakimu, ungewafanyaje?"

"Nisingewaamini. Ndilo hitimisho la kazi yangu. Mtu asiyekumbuka mwavuli wa kijani hawezi kuaminiwa kukumbuka sura."

"Asante." Mpelelezi aliligeukia jopo, na sauti yake ikashuka, ikawa ile anayoitumia gerezani mtu akianza kutetemeka. "Profesa, hakukuwa na mwavuli. Ni mtego niliouandika mimi kwenye karatasi za maswali, kupima kama swali linaweza kumpandikizia shahidi kitu. Aliyechukua rekodi zangu alisikia majibu bila kuyaona maswali. Wale aliowaita dhaifu ndio waliosema kweli. Wale aliowasifu ni wale niliowadanganya. Hitimisho hili likifika mahakamani, mkweli atafukuzwa na aliyepotoshwa atasikilizwa. Na mtu atafungwa."



Msomi alivua miwani. Alianza kuifuta. Mpelelezi alipoona kitambaa kile kinazunguka kwenye kioo, moyo wake ukawa baridi kabisa, na akamshukuru Mungu kwa baridi hiyo.

"Waheshimiwa," Msomi alisema polepole, kwa huzuni nzuri, "sikutaka tufike huku. Huyu dada alikuwa mchumba wangu. Mambo hayakwenda, na ameyabeba mpaka leo. Mimi namwonea huruma. Nimeshamsamehe."

Minong'ono ikaanza. Ndiyo, ndiyo, mambo ya mapenzi hayo. Mama yake Msomi akapiga paja. "Si nilisema! Ameingiwa na wivu huyo!"

"Samahani," ilitoka sauti karibu na meza ya maji.

Alikuwa katibu muhtasi wa idara, mama wa makamo ambaye wote walimwita Mama Mihuri, kwa kuwa hakuna karatasi iliyotoka jengo lile bila kupita chini ya mkono wake. Alikuwa ameshika jagi.

"Mimi mambo ya tasnifu hamniambii, na wala siulizi. Lakini huo mkoba unaosemwa hapa ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyeporwa. Binti aliniomba nikae pale nijifanye nasinzia."

"Binti yupi?" Profesa aliuliza.

"Huyu hapa! Mwizi aliyemtegemea hakutokea, akalivaa koti mwenyewe, na kofia mpaka puani, akaingia akanivuta mkoba nikateguka kidole. Kisha akarudi kunikanda na maji ya moto. Mwizi gani anamkanda mtu?" Alimgeukia Msomi. "Wewe mwanangu sikukuona siku hiyo. Na mwavuli pia sikuuona, labda mlikuwa pamoja."

Ukumbi uliangua kicheko. Hata mtahini wa nje alificha mdomo.

"Ilikuwa lini?" Profesa hakucheka.

"Jumamosi, mitihani imeisha jana yake. Nakumbuka maana niliikosa harusi ya shemeji yangu."

Msomi alifungua mdomo. Lakini aliyesema alikuwa mfamasia, na alisema taratibu, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa na kugundua kuna kitu si sawa.

"Jumamosi hiyo? Jumamosi ile mitihani ya chuo imeisha?" Alisimama. "Siku hiyo si ndiyo ulikuja kwetu kujitambulisha? Ulishinda kutwa. Baba alikupiga picha. Uliniambia huna mtu. Uliniambia miaka umekuwa peke yako na vitabu."

Mpelelezi hakulitegemea hilo.

Alikuwa amepanga kila swali. Alijua kila mlango ambao Msomi angejaribu kutokea, akaufunga. Lakini mlango huu hakujua kama upo. Jumamosi ile alipokea ujumbe: *Homa imenikamata, mpenzi, siwezi hata kusimama.* Alifanya jaribio peke yake, akakimbia nyumbani kupika supu, akaipeleka kwao akiwa bado amevaa koti lake. Mama mtu alifungua mlango nusu, akapokea bakuli. "Amelala. Daktari kasema asisumbuliwe." Naye akarudi, akaomba dua njia nzima, huku anampenda.

Amekuwa akimlaumu kwa wizi, kumbe wizi ndio uliokuwa mdogo.

"Jopo litajadiliana faragha," Profesa alisema. "Tunaomba wote mtoke."

*

Nje kulikuwa na korido ndefu yenye madirisha upande mmoja. Mfamasia alipita akisindikizwa na kaka yake. Alisimama mbele ya Mpelelezi.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua. Na mimi sikujua habari zako."

Walitazamana, wanawake wawili waliopewa Jumamosi moja. Mfamasia alivua pete, akaangaza macho wapi aiweke, akaishia kuitumbukiza kwenye pochi ya mama yake Msomi iliyokuwa wazi, kisha akaenda zake. Mama hata hakuona. Alikuwa anamkodolea macho Mpelelezi.

"Umefurahi? Umemharibia mtoto wangu maisha! Ndicho mnachosomea huko?"

"Ndiyo, mama. Tunasomea kujua nani alikuwa wapi." Mpelelezi alimsogelea. "Wewe ulijua alikuwa wapi. Ulipokea supu yangu, ukanitazama usoni, ukasema amelala. Nani aliinywa?"

Kilemba kilitikisika. 

"Na bakuli langu nalitaka. La maua ya bluu. Halikurudi."

Mama mtu akaenda kukaa kwenye benchi la mbali.

Msomi alikuja mwisho. Bila tai, bila ile sauti. Alisimama karibu mno, kama zamani, mpaka Mpelelezi akasikia harufu ya sabuni yake. Ileile. Mwanamume anabadili mchumba, habadili sabuni.

"Mpelelezi."

"Hilo jina liache."

"Nisikilize basi. Waambie ilikuwa kazi yetu sote. Waambie tuliandika pamoja, nilikosea tu kwenye majina. Wewe ukisema, watakusikiliza. Nitalirekebisha, jina lako litatangulia." Alimshika kiganja. "Tulipendana, au nalo hilo nimelibuni? Mama ndiye aliyenisukuma. Kila siku nimekuwa nikikufikiria. Tunaweza kuanza upya, mimi na wewe, sasa hivi hakuna wa kutuzuia."

Na lililo baya zaidi ni kwamba mkono wa Mpelelezi uliutambua mkono ule. Vidole vilitaka kujikunja vyenyewe. Alivitazama kama anavyowatazama wafungwa wanaoapa kwamba safari hii wamebadilika. Kwa huruma, na bila kufungua geti.

"Gerezani, mtu akinisimulia kisa kizuri sana," alisema, "huwa namwomba anisimulie kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Aliyepitia jambo kweli hujikwaa, lakini anafika. Aliyetunga hupotea njiani. Haya, nisimulie mapenzi yetu. Anzia mwisho."

"Mwisho... mwisho ni sasa. Nimekushika mkono."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo tuliachana. Pale nyumbani."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo..." Alitafuta. Macho yalizunguka korido nzima. "Kulikuwa na jaribio lako. Nilikuwa..."

 Umesikia? *Lako.* Mpelelezi alisubiri muda mrefu kuzisikia silabi hizo mbili, na zilipokuja zilikuja zenyewe, bila jopo wala kinasa sauti. Zilikuwa tamu. Asikudanganye mtu kwamba haziwi tamu.

Akautoa mkono wake. Akafungua mfuko wa kitambaa begani, akatoa koti la kahawia. Alikuja nalo liwe ushahidi, lakini halikuhitajika. Usiku mwingi alikuwa amelala amelikumbatia, na kile kiraka cha kiwiko alikishona mwenyewe, baada ya kuachwa, mjinga kama nini. Akamwekea mikononi.

"Chukua. Siku ile lilifika, wewe hukufika."

Msomi alilishika kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua. "Nitakuwa nani sasa?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana anauliza swali kweli.

"Sijui. Kuna kazi ya kupanga viti."

Mlango wa ukumbi ulifunguka. Profesa alisimama kizingitini, miwani ya kichwani imeshuka usoni na ya usoni imepanda kichwani.

"Mtafiti aingie," alisema.

Msomi alinyooka. Mazoea ni kitu cha ajabu; alilaza kola, akajikohoza, koti mkononi, akapiga hatua.

"Si wewe," Profesa alisema, akimpita kwa macho. "Yeye. Na aje na karatasi zake za maswali, tunataka kujua hilo jaribio linaendeleaje, na kwa nini hajaomba nafasi kwetu mpaka leo."

Mpelelezi alijinyoosha gauni kiunoni, pale mama yake alipobana. Akampita Msomi bila kumgusa, na akafunga mlango nyuma yake mwenyewe.